Munasema wauawe. Avoka wao alikuwa wapi?

Wandugu na wadada wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na nyinyi wote mulioukimbia mji lakini moyo umebaki hapa,

Leo ni tarehe 10 Oktoba, siku ambayo dunia nzima inazungumzia kufuta hukumu ya kifo. Kwetu siku hii imefika vibaya. Siku kumi tu zimepita tangu Korti Kuu ya Kijeshi huko Kinshasa imuhukumu kifo Joseph Kabila, akiwa hayupo, bila avoka hata mmoja kusimama upande wake. Kwenye vikundi vya WhatsApp tuliona wengine wakishangilia, wengine wakilalamika uonevu. Sisi leo hatuandiki juu ya Kabila. Alitawala miaka 18, watu wetu walikufa wengi, na hatuna machozi ya kumpa. Tunaandika juu ya watu ambao majina yao hayakufika hata kwenye redio: askari wa cheo cha chini, kijana aliyekamatwa barabarani usiku, mshitakiwa asiyejua hata dosye yake iko kwa nani.

Tunachosema ni hiki. Katika inchi yetu, mtu anayehukumiwa kifo na mtu anayerudi nyumbani, mara nyingi hawatofautiani kwa kosa. Wanatofautiana kwa avoka: kama alikuwepo, kama alifika mapema, kama alisoma dosye au aliipewa asubuhi ile ile mlangoni pa tribinali. Anayeshangilia hukumu ya kifo leo Kongo anashangilia kitu hicho, hata kama hajui.

Tuanze na Alimbongo. Tarehe 3 Julai 2024, tribinali ya kijeshi ya garnizoni ya Butembo ilienda kukaa Alimbongo, teritware ya Lubero, kuhukumu watu 31: askari 27 na wanawake wanne, wake zao. Kesi ilianza na kuisha siku moja. Askari 25 walihukumiwa kifo kwa kumkimbia adui na kwa wizi. Wale wanawake waliachiwa kwa kukosa ushahidi. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Hata tukisema majaji walikaa masaa kumi bila kusimama na bila kunywa maji, kila mtu alipata chini ya dakika 20. Ndani ya dakika hizo kusomewe mashitaka, aulizwe maswali, wasikilizwe mashahidi, oditora aombe adhabu, avoka atetee, majaji waende kuamua. Sisi kwenye mahojiano ya kazi ya kuuza kadi za simu tumewekwa dakika 40, na kazi hatukupata.

Kulikuwa na utetezi, hatutasema uongo. Lakini avoka anatetea nini ndani ya siku moja? Kosa lenyewe, kumkimbia adui, si kitu cha kuona kwa macho kama gari limegonga mti. Kuna askari aliyetupa bunduki akakimbia. Kuna aliyerudi nyuma kwa sababu komanda wake alitoa amri. Kuna aliyeishiwa risasi, akasubiri, akaona hata walioleta amri wamekwisha kupanda gari. Wote watatu wanakutwa barabara moja, wamechafuka tope sawasawa. Kumjua nani ni nani kunaomba kumtafuta komanda, kumtafuta mwenzake wa kikosi, kujua amri zilipita wapi na saa ngapi. Hiyo ni kazi ya wiki, pengine ya miezi. Bila kazi hiyo, jaji anahukumu tope.

Sasa linganisha na Kinshasa. Tarehe 19 Mei 2024 watu wenye silaha walivamia makao ya kiongozi mmoja wa serikali na Palais de la Nation. Kesi yao ilianza mwezi wa sita, ikaisha tarehe 13 Septemba: washitakiwa 51, miezi mitatu, kamera za dunia nzima. Watu 37 walihukumiwa kifo, kati yao Wamarekani watatu. Mwezi wa nne mwaka huu Rais alibadilisha adhabu ya wale Wamarekani kuwa kifungo cha maisha, wakapanda ndege, wakarudi kwao. Hatuna wivu. Tunafurahi kwamba vijana wale hawakupigwa risasi, na tunajua Katiba, kifungu cha 87, inampa Rais haki ya kusamehe na kupunguza adhabu. Swali letu ni moja: askari wa Alimbongo, ubalozi wake uko wapi? Nani atampigia Rais simu juu ya mtoto wa mama anayeuza ndizi?

Tujue pia tulifikaje hapa. Tangu Januari 2003 Leta haikuwa imemuua mtu kwa hukumu ya tribinali. Adhabu haikufutwa. Ilibaki kwenye sheria na majaji waliendelea kuitoa kila mwaka, lakini risasi hazikufuata. Halafu tarehe 13 Machi 2024 waziri wa sheria wa wakati ule, Rose Mutombo, alitia sahihi waraka wa kuondoa kizuizi hicho. Haikuwa sheria iliyopigiwa kura na wabunge tuliowachagua. Karatasi ya ofisi, basi. Sababu walizotoa: kusafisha jeshi na wasaliti, na kumaliza ujambazi wa mijini. Tukumbushe kwamba siku ile Goma ilikuwa bado mikononi mwa Leta, na Bukavu pia. Waraka ulikuja kuokoa fronti. Musomaji, uko wapi leo, na nani anashika mji wako? Basi unajua waraka uliokoa nini.

Waziri aliyefuata, Constant Mutamba, alienda mbali zaidi. Januari mwaka huu alitangaza kwamba watu 102, wale wanaoitwa makuluna, wamepelekwa gereza la Angenga, mkoa wa Mongala, wakauawe. Angenga! Fungua karata ya Kongo uone. Mama wa Kinshasa atafika huko na nini? Avoka asiyelipwa atafika na nini? Kumpeleka mfungwa mbali hivyo ni kumkata mkono wa mwisho uliokuwa unamshika. Na hapa historia ilitucheka: tarehe 2 Septemba mwaka huu yule yule Mutamba alihukumiwa na Korti ya Kasasio miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa, kwa kesi ya makuta ya kujenga gereza Kisangani. Yeye alipewa nini? Bunge lilikaa juu ya kinga yake. Kesi ilichukua karibu miezi miwili. Maavoka walisimama, wakapinga, wakaomba muda. Ndivyo inavyopaswa kuwa! Tunamtakia kila mtu kesi ya namna ile, hata yeye. Lakini kijana wa Angenga angepata nusu yake tu, tungekuwa tunazungumza kitu kingine.

Wengine watasema hayo ni ya Kinshasa na Lubero, Bukavu ni tofauti. Basi turudi nyumbani, kwenye kesi ambayo wazazi wetu wanaikumbuka na sisi tulikuwa watoto.

Tarehe 13 Juni 2007, usiku, Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, aliuawa kwa risasi hapa Bukavu. Alikuwa na rafiki zake wawili. Wao walipona, na ndio waliokuwa mashahidi wa kwanza wa mauaji. Mji ulikasirika, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Kesi ilifunguliwa mbele ya tribinali ya kijeshi haraka sana. Halafu wakatokea vijana wawili wakasema: ni sisi tulimpiga, na waliotutuma ni wale rafiki zake wawili. Tarehe 28 Agosti 2007 tribinali iliwahukumu kifo wote wanne. Rafiki waliomwona Serge akianguka waligeuzwa wauaji, na mzigo mkubwa wa ushahidi ulikuwa mdomo wa watu wawili. Siku chache baadaye watu hao hao wakageuka: wakaandika kwamba walidanganya, kwamba walisukumwa kusema vile.

Fikiria kidogo. Kama kungekuwa hakuna rufaa, ile tunayoita apele. Kama kungekuwa hakuna maavoka wa kubeba kesi ile mpaka ngazi ya pili, katika mji ambapo kuigusa tu kesi ya Maheshe kulileta vitisho. Kama mashirika ya haki za binadamu na waandishi wenzake wangenyamaza. Kama waraka wa 2024 ungekuwa umetoka 2007. Rafiki wale wawili wangekuwa chini ya udongo. Tarehe 21 Mei 2008 korti ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwaachia, haikuwakuta na kosa. Karibu miezi tisa waliishi na hukumu ya kifo kichwani kwa mauaji ya rafiki yao. Na mpaka leo mji unauliza nani hasa alimtaka Serge afe. Hukumu ile ya haraka haikujibu swali hilo hata kidogo. Ilitupatia watu wa kulaumu, tukaenda kulala.

Hii ndiyo sababu sisi vijana wa Bukavu hatuna ruhusa ya kusema hatukujua. Wengine wanasoma makosa ya tribinali kwenye vitabu. Sisi tuna avenue ambako yalitokea.

Tunajua mutakachojibu, juu ya tunaishi pamoja na tunasikia kwenye taxi na pale Nyawera: "Bale balitoroka fronti, babauwe tu! Balituuzisha!" Hasira hiyo tunaielewa mpaka mifupani. Sisi pia tulikuwa hapa Februari. Tuliona askari wakishuka kutoka Kalehe, tukasikia waliyofanya Kabare njiani: kuua, kunajisi, kupora. Siku chache kabla ya mji kuanguka, Leta ilifungua hapa Bukavu kesi ya askari 75 kwa mambo hayo. Wenye kunajisiwa walistahili kesi ile. Tena walistahili iliyofanywa vizuri: wasikilizwe kwa heshima, wajue nani alifanya nini, wajue nani alikuwa komanda, wajue fidia itatoka wapi. Tarehe 14 Februari gereza kuu la Bukavu lilibaki wazi, wafungwa wakatoka, mwenye kosa na asiye na kosa, aliyehukumiwa na aliyekuwa anangoja miaka bila kuitwa. Gereza lile lilijengwa kwa watu 500 na lilikuwa limebeba watu mara nyingi zaidi. Nani leo anaweza kumwambia mama wa Kabare aliyemtendea yuko wapi? Leta iliyojua kuhukumu kifo haikujua kulinda mlango.

Na tuseme wazi jambo lingine. Jenerali hahukumiwi Alimbongo. Anayehukumiwa kwa dakika 20 ni yule aliyekuwa mbele na kilo tano za maharagwe ya mwezi mzima kwa kikosi. Mukitaka kujua nani alituuza, muache huyo askari aishi, mumpe avoka, mumuulize polepole. Maiti haitaji majina ya wakubwa. Pengine ndiyo maana wakubwa wanapenda risasi.

Tunasikia pia: "Ni vita, sheria inangoja." Hapana. Katiba yetu iliona vita kabla yenu. Kifungu cha 61 kinasema kwamba hata Leta ikitangaza hali ya kuzingirwa au ya dharura, kuna haki ambazo hakuna mtu anaruhusiwa kuzigusa. Haki ya kuishi ni moja. Haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa ni nyingine. Zimeandikwa katika kifungu kimoja, hatukuzibandika sisi. Na kifungu cha 19 kinampa kila mtu haki ya kusaidiwa na mtetezi katika ngazi zote, kuanzia mbele ya polisi anayeandika PV ya kwanza. Hapo ndipo watu wetu wanakufa, tusidanganyane. Hawafi siku ya hukumu. Wanakufa siku ya PV, usiku, wakati mtu aliyepigwa, asiyejua Kifaransa, anatia sahihi karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa. Avoka akija baada ya miezi sita anakuta mteja wake amekwisha "kukubali".

Inchi hii imekwisha kuonja haraka ya namna hiyo. Januari 2000, wakati wa ile Korti ya Agizo la Kijeshi ya Kabila baba, korti isiyokuwa na rufaa, mtoto askari wa miaka 14 alipigwa risasi nusu saa tu baada ya kuhukumiwa. Nusu saa. Hakuna aliyekimbia kutafuta kadi yake ya ubatizo. Korti hiyo hiyo, Januari 2003, iliwahukumu kifo watu wapatao 30 katika kesi ya kuuawa kwa Laurent-Désiré Kabila. Kanali Eddy Kapend alikuwa mmoja wao. Januari 2021 alitoka gerezani Makala kwa msamaha wa Rais, baada ya karibu miaka 20, na mashaka juu ya kesi ile hayajawahi kuisha. Kapend aliweza kutoka kwa sababu moja, hakuuawa.

Majirani wamefika wapi? Burundi, hapo ng'ambo ya Ruzizi, ilifuta hukumu ya kifo 2009. Rwanda iliifuta 2007, na hapa tunajua damu zitawachemka, wacha zichemke: hatuisifu Kigali, tunajua nani yuko mlimani kwetu. Lakini ni inchi iliyopiga watu 22 risasi mbele ya umati mwezi wa nne 1998 kwa kesi za jenosidi, na miaka tisa baadaye ikaacha. Itakuwa aibu gani Kongo ifuate njia ambayo hata hao wameiacha?

Uganda haijafuta, lakini kuna mtu tunataka mumjue. Susan Kigula alihukumiwa kifo 2002. Yeye na wafungwa wenzake, jumla 417, walipeleka Leta yao mbele ya Korti ya Katiba, na maavoka wakaibeba kesi hiyo miaka mpaka juu kabisa. Januari 2009 Korti Kuu ya Uganda ikasema: jaji halazimishwi tena kutoa kifo kwa kila kesi ya mauaji, na mtu hawezi kuachwa kwenye chumba cha wanaongoja kifo zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho, ikipita hapo, adhabu inageuka kifungo cha maisha. Mamia ya watu walipona. Kigula mwenyewe alisoma sheria akiwa ndani ya gereza la Luzira, kwa mpango wa University of London, akaanza kuwaandikia wenzake karatasi za rufaa. Alitoka 2016. Mfungwa! Bila kompyuta yake, bila WhatsApp.

Na sisi je? Hapa tunataka kuzungumza na wenzetu wenye diplome ndani ya sanduku. Kila mwaka UCB, UOB na vyuo vingine vya mji vinatoa vijana wa sheria. Wengi wetu tunauza unite, tunapakia moto, tunafundisha watoto wa jirani, au tunakaa tu kwenye baraza tunachambua siasa. Kuingia baro kunaomba makuta na miaka ya mafunzo, tunajua. Avoka wa pro deo, yule anayepangwa bure, halipwi na Leta hata usafiri, ndiyo maana mara nyingi anafika siku ya kesi tu. Hatumtukani, naye ana watoto. Sheria inasema kila baro iwe na ofisi ya mashauri ya bure. Ofisi bila makuta ni meza na kiti.

Lakini si kazi yote inaomba kanzu nyeusi. Kutafuta dosye iko ofisi gani hakuombi kanzu. Kuandika tarehe mtu alikamatwa, na nani, na wapi, hakuombi kanzu. Kumtafsiria mfungwa PV yake kwa Kiswahili au Mashi kabla hajasahau alichosema, hakuombi kanzu. Kupanda Kabare kutafuta kadi ya ubatizo kwenye paroasi, au bulletin ya shule ya msingi, ili ionekane kwamba "askari" huyu alikuwa na miaka 16, hakuombi kanzu, na kunaweza kuokoa maisha kuliko hotuba yote ya avoka: sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza hukumu ya kifo kwa kosa lililofanywa na mtoto, na tribinali za kijeshi haziruhusiwi kumhukumu mtu wa chini ya miaka 18.

Na kuna hesabu moja ambayo kila familia inapaswa kuijua kama namba ya simu ya mama. Mbele ya tribinali ya kijeshi, muda wa kukata rufaa ni siku tano. Mbele ya tribinali ya kiraia ni siku kumi. Siku tano! Mtu amehukumiwa kifo Alhamisi, amechanganyikiwa, avoka wa pro deo amerudi kwake, familia haijui, Jumapili watu wanasali, Jumanne imekwisha. Na mbele ya korti ya kijeshi ya fronti, ile inayoitwa operesheneli, hakuna rufaa kabisa, ingawa Katiba imesema tulivyosema. Kijana mmoja aliyekaa kwenye kikao akiwa na daftari, aliyejua siku tano ni siku tano, angekwisha kupiga simu usiku ule ule.

Tunaandika haya tukiwa Bukavu iliyo chini ya AFC/M23 tangu Februari, na hatujifanyi hatuoni. Gavana wa Leta yuko Uvira. Kuna watu wanakamatwa hapa na familia hazijui wanafungiwa wapi, na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha kwamba M23 walipoingia tu mjini waliua watoto bila kesi yoyote. Hiyo pia ni hukumu ya kifo, tena isiyohitaji hata dakika 20. Na sisi wenyewe, raia, tunapomfunga mwizi tairi pale Kadutu, tunakuwa tribinali bila avoka. Hatuwezi kumlaumu Kinshasa kwa mkono mmoja na kushika kiberiti kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo tunadai. Serikali ya Kinshasa iondoe waraka wa 13 Machi 2024, na wabunge wapigie kura sheria ya kufuta hukumu ya kifo badala ya kuipitisha pembeni kila mara inapoletwa. Mpaka hapo, asihukumiwe mtu yeyote kwa kosa lenye adhabu hiyo bila avoka aliyepewa dosye mapema na makuta ya kuifanyia kazi, yatoke kwenye bajeti ya Leta, si kwenye mfuko wa wazungu. Waliopelekwa Angenga warudishwe mahali ambapo familia na maavoka wanaweza kufika, na majina yao yatangazwe. Na wenye bunduki wanaoshika mji huu leo: yeyote munayemfunga, familia ijue yuko wapi, avoka na Msalaba Mwekundu waingie.

Kwa vijana: wiki hii kila seli yetu itafute vijana watatu wa sheria wasio na kazi na avoka mmoja aliye tayari kuwaongoza. Muanze na orodha ya watu wa mtaa wenu walioko kwenye magereza ya mbali, au waliohukumiwa kabla ya Februari na hawajulikani waliko. Muandike kwa mkono, musitume majina kwenye vikundi, simu zinapotea na zinachukuliwa. Familia zikiogopa, muwaache, murudi siku nyingine. Daftari zikae sehemu mbili tofauti.

Imefanyika Bukavu, tarehe 10 Oktoba 2025.